Sita: Namba, Jina na Saa

Miongoni mwa namba nzima, sita ina hadhi ya pekee. Vigawo vyake, ikiachwa yenyewe, ni moja, mbili na tatu. Vikijumlishwa huwa sita, na vikizidishwa huwa sita vilevile. Wanahisabati wa Uyunani waliiita kamilifu namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake. Sita ndiyo ya kwanza. Hufuatwa na 28, 496 na 8128. Hata hivyo, historia ya sita katika Kiswahili inahusu sifa zake nyingine mbili: ni tatu mara mbili, tena ni nusu ya kumi na mbili.

Sifa ya kwanza ilikaa ndani ya jina. Kabla neno la asili ya Kiarabu halijaenea, Kiswahili kilikuwa na tandatu, neno lenye ndugu katika Kinyarwanda, gatandatu, na katika Kikamba, thanthatu. Wanaisimu huona humo tatu iliyorudiwa, kama nane inavyodokeza nne na nne. Baadaye sita ikaiondoa tandatu, saba ikaiondoa fungate, na tisa ikaiondoa kenda, nane ikasalia. Aliyesema tandatu alitamka hesabu. Asemaye sita hutamka jina tu. Fungate ilipata hifadhi katika siku saba za arusi, lakini tandatu imebaki zaidi katika makamusi.

Sifa ya pili haikupotea, kwa kuwa ilihifadhiwa katika saa. Huko Mabwerebwere, katika nchi ya Kilosa na Mikumi, mchana mrefu kabisa wa mwaka hauzidi mchana mfupi kabisa hata kwa saa moja. Kuhesabu saa tangu macheo, na tena tangu machweo, ni hesabu inayolingana na jua lenyewe, na saa sita huangukia katikati. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914, ilikuja na haja ya saa ya pamoja kwa stesheni zote. Leo saa ya Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, ilhali Kilosa iko karibu na digrii 37. Kila digrii ni dakika nne. Ndiyo maana jua la utosi hufika huko, kwa wastani, kama saa sita na nusu.

Kati ya saa ya Kiswahili na ya Kizungu pana tofauti ya sita. Mbili ukiongeza sita ni nane. Nane ukiongeza sita ni kumi na nne, na ukiondoa kumi na mbili unarudi kwenye mbili. Kanuni ya kwenda ndiyo ya kurudi. Tofauti ingekuwa tano, kurudi kungedai kanuni nyingine: katika duara la kumi na mbili, sita pekee, mbali na sifuri, ina sifa hiyo.

Basi mwalimu amwambiaye mtoto kuwa saa ya Kiswahili ni kosa la kusahihishwa humnyima somo la hisabati lililomo katika lugha yake. Kiswahili kilibadili jina la namba. Kazi ya namba hiyo hakikuiacha.