Menkyo: Leseni, Cheti au Ijaza?

Dereva akisimamishwa na polisi jijini Tokyo, anachodaiwa ni menkyo. Kwa hiyo wengi huitafsiri menkyo kuwa leseni, na kwa mambo ya barabarani hakuna ubaya. Kasoro huonekana neno hilohilo linapojitokeza katika wasifu wa mpiga koto.

Koto ni ala ya nyuzi 13 zilizotandazwa juu ya mbao ndefu za mti wa kiri, kiasi cha mita 1.8. Chini ya kila uzi pana kigingi kinachosogezwa ili kupandisha au kushusha sauti. Mpigaji huvaa kucha za bandia kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia. Wa mkondo wa Ikuta huvaa zenye pembe za mraba, wa mkondo wa Yamada zenye ncha ya duara, na mjuzi akitazama vidole tu hutambua mtu kasomea wapi.

Daraja ya juu katika mafunzo ya namna hii huitwa menkyo kaiden. Kai ni yote, den ni kupokeza. Maana yake mwalimu ameridhika kwamba hana alichombakishia mwanafunzi wake.

Michio Miyagi, aliyezaliwa Kobe mwaka 1894 na kupofuka angali mtoto, aliipata akiwa na umri wa miaka 11. Mwalimu wake, Nakajima, alimpa pia kipande cha jina lake: kijana wa ukoo wa Suga akawa Nakasuga. Miaka miwili baadaye alivuka bahari kwenda Incheon, Korea, alikokuwa baba yake. Hali ya nyumbani ilikuwa ngumu, akawa anafundisha koto mchana na filimbi ya shakuhachi usiku ili familia ipate riziki. Huko ndiko alikotunga kazi yake ya kwanza mwaka 1909. Alihamia Tokyo mwaka 1917, jina lake limeshaanza kusikika. Nani angempelekea mwanawe mwalimu wa miaka 13, kipofu na mgeni, kama si ile menkyo?

Tukisema Miyagi alipata leseni, msomaji ataona dirisha la ofisi ya serikali, ada na tarehe ya kwisha muda. Tukisema cheti, ataona chuo, mtihani na mahafali. Menkyo haitoki kwa ofisi. Hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na thamani yake ni jina la aliyeitoa.

Pwani yetu ina neno la jambo hilo: ijaza. Mwanafunzi akisoma kitabu kwa shehe mpaka akakihitimu, huruhusiwa naye kukisomesha, na nyuma ya idhini hiyo hufuatana majina ya mashehe waliotangulia.

Ila mambo hayalingani kila upande. Aliyepewa ijaza anaweza naye kumpa mwingine. Katika fani nyingi za Kijapani, mwenye menkyo hufundisha, lakini hati za wanafunzi wake hutolewa na iemoto, yaani mkuu wa mkondo, na hulipiwa. Mwalimu aliyeko ng'ambo bado ana mkubwa wake nyumbani.

Hata hivyo, ijaza ndiyo iliyo karibu zaidi. Napendekeza menkyo ya fani iwe ijaza ya sanaa, menkyo kaiden iwe ijaza kamili, na leseni ibaki kwa madereva.

Mwaka 1964 Kimio Eto, mwanafunzi wa Miyagi, alipiga koto Marekani pamoja na okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski, katika konseto aliyoitunga Henry Cowell. Wengi ukumbini hawakuwa na kipimo cha kumpimia mpiga koto. Kwa hadhira kama hiyo, kuambiwa msanii kasoma kwa nani ni nusu ya utambulisho wake, na nusu hiyo neno leseni haliwezi kuibeba.