Miaka 120 ya ugomvi wa jarife la ubongo

Mvuvi wa Unguja anayemjua farasi wa baharini hatapata tabu kukielewa kipande cha ubongo kilichopewa jina lake. Mtaliano Arantius alikiita hivyo mwaka 1587 kwa jinsi kilivyojikunja. Ndicho hipokampasi, kinachotuwezesha kuweka kumbukumbu mpya. Desemba hii inatimia miaka 120 tangu wataalamu wawili walumbane hadharani juu ya seli za neva.

Mwaka 1873, daktari Camillo Golgi wa Italia alipata njia ya kuzitia seli hizo rangi: ubongo hurowekwa kwenye dikromati ya potasi, kisha nitrati ya fedha. Seli chache tu hushika weusi, kama masizi juu ya ukuta wa manjano. Katika hipokampasi huonekana viwiliwili mfano wa kawa, vimejipanga safu, matawi yakichomoza juu na chini kama mizizi ya mkoko.

Golgi akashikilia kuwa nyuzi zote zimeungana: ubongo ni jarife moja. Mhispania Santiago Ramón y Cajal akakataa. Aliuacha ubongo wa mkubwa, uliokwisha songamana, akachunguza vijusi na wanyama wachanga. Huko alikuta nyuzi zingali zinakua, kila moja na ncha yake huru ikitambaa kutafuta jirani. Jarife lililokwisha fumwa lingetoa wapi ncha hizo?

Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, Stockholm. Desemba 11 Golgi, mwenye miaka 63, alipanda jukwaani, na badala ya kumpongeza mwenzake akaishambulia nadharia yake kwamba kila seli imejitenga, akidai imeanza kupoteza wafuasi. Kesho yake Cajal alijibu kwa ushahidi, hoja baada ya hoja. Katika kumbukumbu za maisha yake bado uchungu unasikika, nami nakiri zimenivuta upande wake. Miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha mwanya baina ya seli na seli.

Cajal aliwahi kusomesha Valencia. Kutoka jimbo hilohilo walikuja madaktari wa kikundi cha José Piquer, daktari wa upasuaji wa ubongo, waliosaidia kuanzisha taasisi ya upasuaji wa ubongo Mnazi Mmoja, Unguja, mwaka 2014, wanakotibiwa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi.

Tunashukuru. Lakini mzazi akiuliza kilichomo kichwani mwa mwanawe, hujibiwa kwa maneno ya kuazima. Watu tunaotofautisha jarife, juya na dema, tumeshindwaje kuyapa majina matawi ya seli?