Tangawizi ya Masoko na chai ya Kyimbila

Juni na Julai, baridi ya Tukuyu huwashika hata watu wa Masoko, walioko chini zaidi kuelekea Ziwa Nyasa. Mafua yakianza, dawa ya kwanza hutafutwa jikoni. Tangawizi hukwanguliwa kwa kisu, hutwangwa kwenye kinu kidogo hadi itoe maji, kisha huchemshwa na majani ya chai. Maziwa hutiwa mwishoni, kwani yakikutana na tangawizi mbichi hukatika.

Tunaiita dawa ya mababu, na mababu nao waliletewa. Asili ya tangawizi ni Asia, na pwani yetu iliipata kwa njia ya Bahari ya Hindi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli, na pembeni yake tangawizi mbichi, embe na achari ya ndimu. Chai ni ngeni zaidi. Wajerumani waliipanda Amani mwaka 1902, kisha Kyimbila, jirani na Tukuyu, mwaka 1904. Kilimo cha biashara kikaanza 1926. Ugeni huo hauipunguzii heshima tiba yetu. Waganga na mama zetu wamekuwa wakipokea, wakijaribu, na kubaki na kile kinachofaa.

Na tangawizi imefaa. Mjamzito mwenye kichefuchefu hupewa kipande atafune, na msafiri anayetapika kwenye gari vilevile. Mwaka 1982 watafiti Mowrey na Clayson waliandika katika jarida la Lancet kwamba waliwazungusha wanafunzi 36 kwenye kiti; waliomeza unga wa tangawizi walistahimili kizunguzungu zaidi kuliko waliopewa dimenhydrinate, dawa ya kichefuchefu cha safari. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani nalo liliitaja kwa kuzuia kichefuchefu cha safari. Ukali wa ile mbichi unatokana na gingerol, ambayo tangawizi ikikauka hugeuka shogaol, kali zaidi. Ndiyo maana unga wake hutiwa kidogo.

Kinachoniuma ni mtoto mwenye homa kunyweshwa tangawizi siku mbili tatu huku malaria ikimmaliza. Homa hiyo haitibiwi kwa kikombe cha chai, hata kiwe kikali vipi. Mtoto apelekwe zahanati siku hiyohiyo: kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidole, na jibu hutoka ndani ya takribani dakika 20.