Sheria ya haki ya hifadhi ya Massachusetts

Sheria ya haki ya hifadhi ni sheria ya jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, inayoitaka serikali ya jimbo kuzipatia makao ya dharura familia zisizo na mahali pa kuishi. Ilipitishwa mwaka 1983, Michael Dukakis akiwa gavana. Hakuna jimbo lingine la nchi hiyo lenye sheria kama hiyo kwa eneo lake lote. Haki inayofanana nayo katika mji wa New York ilitokana na kesi mahakamani, si kura ya bunge.

Wanaohusika ni wajawazito na wazazi wenye watoto, mradi kipato chao ni kidogo. Mtu mzima asiye na mtoto hahusiki kabisa, hata akilala barabarani wakati wa theluji. Kwa hiyo jina la sheria ni pana kuliko maandishi yake. Tena inatoa hifadhi ya muda, si nyumba. Kwa kuwa kodi za nyumba katika eneo la Boston ni za juu mno, familia nyingi zilizopokewa zilikaa hifadhini zaidi ya mwaka.

== Mabadiliko tangu 2023 ==

Mwaka 2023 idadi ya familia ilipanda haraka, miongoni mwao wahamiaji wengi kutoka Haiti. Vituo vilijaa, serikali ikakodi vyumba vya hoteli. Tarehe 8 Agosti gavana Maura Healey alitangaza hali ya dharura, na miezi michache baadaye akaweka kikomo cha familia 7,500. Zilizozidi ziliandikwa katika orodha ya kusubiri.

Mawakili wa familia walipinga kikomo hicho mahakamani, lakini jaji alikataa kukizuia. Hapa ndipo udhaifu wa sheria ulipoonekana: wajibu wa serikali unategemea fedha ambazo bunge limetenga, nazo zilikuwa zinakwisha. Baadhi ya familia zililala katika uwanja wa ndege wa Logan, hadi hilo nalo lilipopigwa marufuku Julai 2024.

Mwaka huohuo bunge liliweka ukomo wa kukaa hifadhini kuwa miezi 9, pamoja na nyongeza kwa baadhi ya familia. Mwaka 2025 ukapunguzwa kuwa miezi 6, na waombaji wakatakiwa kuthibitisha kwamba ni wakazi wa Massachusetts. Hali ya dharura iliondolewa Agosti 2025, baada ya hoteli zilizokodiwa kufungwa.