Vyama vya mitaa Japani: Ngoma za majira ya joto, kinga wakati wa maafa

Kila ifikapo mwezi Julai, wakazi wa maelfu ya mitaa nchini Japani huanza kutoa stoo maturubai, masufuria makubwa, taa za karatasi na ngoma, tayari kwa shughuli zitakazoendelea hadi Oktoba au Novemba, wakati wa majira ya mapukutiko ya majani.

Waandaaji wa shughuli hizo si serikali wala makampuni ya burudani. Ni vyama vya wakazi wa mtaa, ambavyo kwa Kijapani huitwa "chonaikai" au "jichikai". Nchi nzima inakadiriwa kuwa na vyama hivyo takribani 300,000, vikiwamo vya kaya chache za kijijini na vya maelfu ya kaya za mjini.

Kwa mgeni, sherehe hizo huonekana kuwa ni burudani tu. Hata hivyo, historia ya nchi hiyo inayokumbwa mara kwa mara na matetemeko ya ardhi inaonyesha kwamba ujirani unaojengwa katika sherehe hizo umewahi kuamua nani apone na nani afe.

Jinsi chama kinavyoendeshwa

Mwanachama wa chama cha mtaa si mtu mmoja mmoja bali ni kaya. Kila kaya hutoa ada ndogo, aghalabu yeni mia chache kwa mwezi, na fedha hizo hulipia taa za njiani, usafi wa mahali pa kukusanyia taka, vifaa vya dharura pamoja na gharama za sherehe.

Chama hugawanywa katika vikundi vidogo vya kaya kumi hivi au zaidi. Kiongozi wa kikundi hupatikana kwa zamu, kwa kawaida mwaka mmoja kwa kila kaya, hivyo karibu kila mkazi hufikiwa na zamu ya kukusanya ada na kugawa taarifa.

Taarifa zenyewe hupitishwa kwa njia ya ubao mwepesi uliobanwa karatasi, unaotoka nyumba moja hadi nyingine. Kila kaya husoma, hugonga muhuri au hutia saini, kisha hupeleka ubao huo kwa jirani. Endapo ubao utakwama mahali, majirani hupata sababu ya kubisha hodi na kujua kama kuna mgonjwa au mzee aliyezidiwa.

Aidha, vyama vingi vina kamati za watoto, za wanawake, za wazee na za kujikinga na maafa. Kamati hizo ndizo zinazobeba kazi ya shughuli za majira ya joto na ya mapukutiko.

Julai na Agosti: Mazoezi ya alfajiri na ngoma ya mizimu

Shule zinapofungwa kuelekea mwisho wa Julai, watoto wa mitaa mingi hukusanyika kwenye bustani au uwanja wa karibu ili wafanye mazoezi ya viungo yanayotangazwa na redio ya taifa, NHK, saa 12:30 asubuhi. Mazoezi huchukua dakika kumi tu. Kila mtoto huvaa kadi shingoni na hugongewa muhuri kwa siku aliyohudhuria, na anayejaza kadi hupewa zawadi ndogo kama vile daftari au peremende.

Matangazo ya mazoezi hayo yalianza mwaka 1928. Mkusanyiko wa watoto wakati wa likizo ulianzia mwaka 1930 katika eneo la Kanda, jijini Tokyo, kwa juhudi za askari polisi mmoja, na katika bustani ya Sakuma iliyoko huko kuna mnara mdogo wa kumbukumbu.

Shughuli kubwa ya Agosti ni ngoma ya Bon. Kwa imani ya Kibuddha ilivyopokewa Japani, katikati ya mwezi huo roho za wahenga hurejea nyumbani kwa siku chache, nao walio hai huzikaribisha kisha kuzisindikiza. Katika baadhi ya maeneo ya Tokyo sikukuu hiyo hufanyika Julai, tofauti iliyotokana na Japani kuacha kalenda ya mwezi mwandamo mwaka 1873.

Siku ya ngoma, jukwaa refu la mbao husimamishwa katikati ya uwanja na mpiga ngoma hukaa juu yake. Watu wa rika zote, wengi wakiwa wamevaa kimono chepesi cha pamba, hulizunguka wakicheza kwa hatua rahisi ambazo mgeni anaweza kuzifuata baada ya mizunguko miwili mitatu. Wimbo unaosikika katika mitaa mingi ni "Tokyo Ondo", uliotolewa mwaka 1933.

Pembeni, wanachama wenyewe huuza tambi za kukaanga, mahindi ya kuchoma na barafu iliyokunwa na kutiwa sharubati. Taa za karatasi zinazoning'inizwa huandikwa majina ya waliochangia, yawe ya duka la samaki, kinyozi au daktari wa meno wa mtaani.

Kyoto na sherehe ya watoto

Jijini Kyoto, mitaa ina desturi yake ya karibu tarehe 23 na 24 Agosti, iitwayo Jizo-bon. Jizo ni mlinzi wa watoto katika imani ya Kibuddha, na sanamu zake za mawe hukaa katika vibanda vidogo pembezoni mwa njia.

Sanamu huoshwa, wakati mwingine hupakwa rangi upya, na mbele yake huwekwa matunda na peremende. Taa zenye majina ya watoto wa mtaa hutundikwa. Watoto huketi katika duara wakiwa wameshika tasbihi moja ndefu, nao huizungusha mkono kwa mkono huku sala ikisomwa. Baada ya hapo hufuata michezo, bahati nasibu na vitafunwa.

Mwaka 2014 halmashauri ya jiji hilo iliiingiza Jizo-bon katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Hata hivyo, mitaa mingi imeifupisha kutoka siku mbili hadi moja na kuihamishia mwisho wa juma, kwa kuwa watoto wamepungua na wazazi wengi wako kazini.

Septemba mosi: Masufuria yaleyale, kazi nyingine

Tarehe 1 Septemba ni Siku ya Kujikinga na Maafa. Iliwekwa na serikali mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya kimbunga cha Ise kuua watu zaidi ya 5,000, na tarehe yake ni ukumbusho wa tetemeko kuu la Kanto la mwaka 1923.

Karibu na siku hiyo vyama vya mitaa huendesha mazoezi. Wakazi hujifunza kutumia mtungi wa kuzimia moto, kupitishiana ndoo za maji kwa mstari, kubeba majeruhi na kuhakikisha kila kaya imehesabiwa. Masufuria yaliyopikia tambi mwezi Agosti hupika wali na supu ya kuwalisha watu wengi kwa pamoja, na maturubai ya sherehe hugeuka kuwa vituo vya huduma ya kwanza. Mtu aliyewahi kulisha mtaa mzima siku ya ngoma hahitaji kuelekezwa jinsi ya kuulisha siku ya dhiki.

Tetemeko la mwaka 1923 lilitokea muda mfupi kabla ya saa sita mchana, majiko yakiwa yamewashwa kwa chakula. Watu wapatao 105,000 walikufa au kupotea, wengi wao kwa moto. Lakini katika mitaa ya Sakuma na Izumi huko Kanda, wakazi walikataa kukimbia. Walichota maji ya mto Kanda, wakapokezana ndoo, wakatumia na pampu waliyoipata jirani, wakapambana na moto kwa zaidi ya siku moja. Nyumba zaidi ya 1,600 ziliokoka katikati ya eneo lililoteketea. Ni katika eneo hilohilo ambapo, miaka saba baadaye, watoto walianza kukusanyika kwa mazoezi ya alfajiri.

Funzo la Kobe na Awaji

Ushahidi ulio karibu zaidi ulitokana na tetemeko la Januari 17, 1995, lililopiga mji wa Kobe na kisiwa cha Awaji saa 11:46 alfajiri na kuua watu 6,434.

Kwa mujibu wa makadirio yaliyonukuliwa na serikali ya Japani katika ripoti zake za maafa, kati ya watu 35,000 walionasa chini ya vifusi na kuokolewa, takribani 27,000 walitolewa na ndugu na majirani. Waliosalia waliokolewa na zimamoto, polisi na jeshi, na karibu nusu yao walikutwa wameshafariki kwa sababu muda ulikuwa umepita.

Katika mji mdogo wa Hokudan kisiwani Awaji, karibu na kitovu cha tetemeko, watu wapatao 300 walifukiwa. Majirani na kikosi cha zimamoto cha kujitolea walijua nani anaishi wapi, na hata chumba ambacho mzee fulani hulala. Walichimba mahali penyewe, na ilipofika alasiri ya siku hiyohiyo hapakuwa na mkazi asiyejulikana alipo.

Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi katika daftari la serikali. Hupatikana pale watu wanapoonana mara kwa mara, wakibeba meza pamoja, wakicheza duara moja na kumpelekea mzee zawadi yake.

Septemba hadi Novemba: Wazee, mahekalu na michezo

Zawadi hizo hutolewa hasa Septemba, mwezi wenye sikukuu ya kuwaenzi wazee. Sikukuu hiyo ilikuwa tarehe 15 tangu mwaka 1966, na tangu mwaka 2003 huadhimishwa Jumatatu ya tatu ya mwezi. Vyama huandaa chakula cha pamoja, na wasioweza kutembea hutembelewa majumbani.

Majira ya mavuno huja na sherehe za mahekalu ya Kishinto. Vijana hubeba mabegani kihekalu kidogo kilichonakshiwa na kukizungusha mtaani, huku watoto wakiwa na chao chepesi. Oktoba kuna siku za michezo ambapo mitaa hushindana kuvuta kamba, kurusha mipira ndani ya kikapu kirefu na kukimbia mbio za kupokezana vijiti. Mwezi huo una pia sikukuu ya taifa ya michezo, iliyoanza mwaka 1966 kukumbuka ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo tarehe 10 Oktoba 1964.

Historia yenye doa

Pamoja na sifa hizo, vyama vya mitaa vina kumbukumbu chungu. Septemba 1940 Wizara ya Mambo ya Ndani iliamuru viundwe nchi nzima, vikiwa na vikundi vya kaya kama kumi chini yake. Vilitumika kugawa chakula cha mgao, kuuza hati za dhamana za vita, kujihami na mabomu na pia kuchunguza nyendo za majirani.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1947 utawala wa majeshi ya washirika ulivipiga marufuku. Marufuku hiyo ilikoma mwaka 1952, mkataba wa amani wa San Francisco ulipoanza kutumika, na vyama vikarejea waziwazi kama jumuiya za hiari. Mwaka 1991 sheria ya serikali za mitaa ilirekebishwa ili kuviwezesha vilivyosajiliwa kumiliki ardhi na majengo kwa majina yavyo.

Swali la hiari limefika hadi mahakamani. Mwaka 2002 mahakama ya wilaya ya Saga iliamua kwamba si halali kumlazimisha mkazi kutoa fedha za hekalu kupitia ada ya chama kinyume cha imani yake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkazi anaweza kujitoa katika chama wakati wowote.

Changamoto za sasa

Uhuru huo umekuja wakati jamii yenyewe inabadilika. Viongozi wengi wa vyama ni wastaafu wenye umri mkubwa, wanandoa wengi hufanya kazi wote wawili, na wapangaji wa majengo ya ghorofa mara nyingi hawajiungi. Zamu ya uongozi, iliyokusudiwa kugawa mzigo, huonekana na vijana kuwa mzigo wenyewe.

Janga la korona lilisimamisha shughuli nyingi kuanzia mwaka 2020. Ziliporejea, baadhi ya mitaa ilikuta hakuna tena wa kusimamisha jukwaa la ngoma. Joto kali la miaka ya karibuni nalo limefanya baadhi ya sherehe zisogezwe hadi jioni au kuelekea majira ya mapukutiko.

Ziko juhudi za kukabiliana na hali hiyo. Baadhi ya vyama vimehamishia ubao wa taarifa katika programu za simu, vingine vimeunganisha sherehe zao na za mitaa jirani, na vingine huwaalika wasio wanachama, wakiwamo wageni kutoka nje ya nchi, kusaidia kwa siku moja tu bila kushika zamu ya mwaka mzima.

Simu hufikisha taarifa upesi kuliko ubao, lakini haimkutanishi mtu na jirani yake mlangoni. Mtaa unaoacha ngoma ya Agosti hauonekani kupungukiwa na kitu kwa siku za kawaida. Pengo lake hujulikana siku ardhi inapotikisika, pale waokoaji wanapouliza nani alikuwa amelala ndani ya nyumba iliyoanguka.