Nani Anapewa Uwanja, Saa Ngapi

Mwezi uliopita niliandika kwa mkono wangu sentensi ya kunifukuza mimi mwenyewe. Ilikuwa kwenye daftari la klabu yetu ya mpira hapa Hamukungu. Mwenyekiti alikuwa anasema, mimi katibu naandika: kipengele cha nne, kila mchezaji awe na kitambulisho cha taifa cha Uganda. Nikaweka nukta. Watu wakapiga makofi, tukaingia cha tano, mambo ya jezi.

Mimi nilivuka Mpondwe mwaka 2014 na mama, tukitokea upande wa Beni, nikiwa na miaka 12. Wengi hapa hawajui, au walishasahau, manake Kinande cha kwetu na Lukonzo cha huku ni lugha moja, na shule nimesomea hapa Kasese. Nikiongea, mimi ni mtoto wa nyumbani. Lakini vijana waliotoka Ituri au Rutshuru, wao wakifungua mdomo tu wanajulikana. Hao ndo kipengele cha nne kinawatafuta. Mimi kingenipata kwa bahati mbaya.

Katiba bado haijapitishwa. Nikasema basi, kabla ya kikao kingine nitafute klabu za zamani zilianzaje na ziliandika nini. Nimeishia kusoma habari za mchezo ambao hapa hakuna mtu amewahi kuucheza: hoki ya barafu. Mnicheke, lakini mnisikilize.

Ilianza na video kwenye simu yangu. Vijana walikuwa wamekaa wanasubiri zamu ya kuchaji, nikawaonyesha timu ya Nairobi inayoitwa Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Mmoja akaniuliza, "Kaka, hiyo ni barafu ya kweli ama ni plastiki?" Mwingine akasema simba wa hapa wanakula ng'ombe, hawachezi. Wakacheka, ila si sana. Aprili 2018 simba 11 walikutwa wamekufa karibu na kijiji chetu, ikashukiwa ni sumu, na hayo maneno hapa bado yana uzito.

Barafu ni ya kweli. Hoteli moja ya Nairobi, Panari, iko barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu wa ndani mwaka 2005. Mwanzo waliocheza hoki pale walikuwa sana sana wageni, Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi mjini. Baadaye wakaja vijana Wakenya, wengine walishazoea kuteleza barabarani na viatu vya magurudumu. Uwanja ni mdogo kuliko ule wa mashindano ya kimataifa. Shida kubwa zaidi: walikuwa timu bila mpinzani. Nchi nzima hakuna timu nyingine, kwa hiyo wakajigawa wakacheza wao kwa wao. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwasafirisha mpaka Toronto, wakacheza mechi yao ya kwanza na timu nyingine, na nyota wawili wakubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi za Kenya wakacheza pamoja nao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la hoki ya barafu.

Halafu barafu si kitu kigeni kwetu namna tunavyofikiri. Asubuhi mawingu yakifunguka, kutoka hapa kando ya ziwa George unaiona juu ya Rwenzori, na ikweta inakata barabara ya Kasese karibu kabisa na sisi. Wakonzo wana jina lao la theluji, nzururu, na wazee wanasema Kitasamba anakaa humo. Mwaka 1906, msafara wa Waitaliano ulipopanda mpaka kileleni, barafu ya mlima ilikuwa karibu kilomita za mraba 7. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imebaki chini ya 1. Barafu ipo, inaisha, na hakuna aliyewahi kuifikiria kama uwanja.

Sasa wanafunzi.

Huko Montreal, Kanada, alikuwepo injinia kijana anaitwa James Creighton. Alizaliwa Halifax, mji wa bandari, ambako watu walikuwa wanacheza magongo juu ya maziwa yaliyoganda, na magongo mazuri yalikuwa yanachongwa na Wami'kmaq, wenyeji wa ile ardhi kabla Wazungu hawajafika. Tarehe 3 Machi 1875 akapanga mechi ndani ya jengo la kuteleza la Victoria, watu 9 kila upande. Badala ya mpira walitumia kipande cha mbao bapa, mviringo, ili kisiruke kikapiga watazamaji. Mechi ikaisha 2 kwa 1. Baada ya mechi magazeti yakaandika habari ya ugomvi: watu wakagongwa vichwa na miguu, mabenchi yakavunjika, akina mama wakakimbia. Inasemekana chanzo ni wenye klabu ya kuteleza. Wao walitaka barafu yao, na hawa vijana wa magongo walikuwa wameichukua.

Nilipofika hapo nikaweka simu chini. Hiyo ni Hamukungu kabisa! Mechi ya kwanza ya ndani inayokumbukwa kwenye historia ya huo mchezo, na tayari watu wanagombania uwanja ni wa nani.

Mwaka 1877 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill, hapo hapo Montreal, wakaunda klabu yao ya hoki. Creighton mwenyewe baadaye alisoma sheria pale. Tarehe 27 Februari mwaka huo gazeti la Gazette likachapisha kanuni za mchezo. Ni saba tu. Na cha kushangaza, hawakuzitunga. Walichukua kanuni za mpira wa magongo wa Uingereza, ule wa kwenye majani, wakabadilisha maneno machache, basi. Kanuni zinasema mchezo uanzeje, mchezaji akiwa mbele ya mpira afanye nini, gongo lisipite bega, usimsukume mtu kwa nyuma, usimkwatue, usimpige teke, na wakibishana waamuzi waamue. Wanafunzi wa McGill walichukua ubingwa wa tamasha la majira ya baridi la Montreal mwaka 1883.

Nimezisoma mara tatu nikitafuta kipengele cha nne changu. Hakipo. Hakuna neno kuhusu mtu alizaliwa wapi wala ana karatasi gani. Nikafurahi, nikaona nimepata ushahidi wa kupeleka kwenye kikao.

Halafu nikasoma habari za Halifax, furaha ikapungua.

Halifax na miji ya jirani ilikuwa na watu weusi wengi. Babu zao walikuwa watumwa waliotoroka Marekani. Kundi moja kubwa lilifika na meli za Waingereza baada ya vita iliyoanza 1812, na kwenye historia ya kule wanaitwa hivyo hivyo, Wakimbizi Weusi. Walipewa ardhi mbaya, ya mawe. Pembeni ya mji wakajenga kijiji chao, Africville.

Kanuni zilizochapishwa hazikuwakataza kucheza, lakini kwenye timu za wazungu hawakuingia. Ilikuwa desturi, na desturi haiwekwi kwenye daftari. Kwa hiyo mwaka 1895 viongozi wa makanisa ya Kibatisti ya watu weusi wakaanzisha ligi yao, wakitaka mechi iwavute vijana wa kiume waje kanisani. (Sisi watu wa miradi tusiwacheke. Ni mara ngapi tumetangaza mpira halafu kijana anafika anakuta somo la malaria?) Kati ya wanaotajwa kwenye mwanzo wa ligi hiyo yumo Henry Sylvester Williams, kijana kutoka Trinidad aliyekuja Halifax kusoma sheria Chuo Kikuu cha Dalhousie. Mwaka 1900 huyo huyo ndiye aliyeandaa London mkutano wa kwanza wa Waafrika wote, na baadaye akaenda kufanya kazi ya uwakili Afrika Kusini. Shuleni tulifundishwa umoja wa Afrika tukitajiwa Nkrumah na Nyerere. Hakuna aliyetuambia kwamba miaka mingi kabla yao kulikuwa na mwanafunzi mgeni, kwenye mji wa baridi kali, anayehusishwa na ligi ya magongo.

Timu zilikuwa na majina kama Eurekas wa Halifax, Jubilees wa Dartmouth, Sea-Sides wa Africville. Viwanja vilikuwa vya watu wengine, kwa hiyo walipewa pale tu ligi za wazungu zilipomaliza, mwisho wa majira. Barafu ya siku zile haikuwa ya mashine, ilikuwa ya hali ya hewa. Ukipewa mwezi wa tatu umepewa barafu inayoyeyuka. Walicheza hivyo hivyo, na walicheza vizuri mpaka watu wakawa wanalipa kuwaona. Golikipa wa Jubilees, Henry Franklyn, alikuwa anajitupa chini kuzuia kigololi. Kwingine golikipa alitakiwa asimame tu. Ligi kubwa, NHL, ilikuja kuruhusu golikipa alale chini Januari 1918.

Africville yenyewe haipo tena. Miaka ya 1960 jiji liliibomoa, na vyombo vya watu vikabebwa na magari ya taka. Meya aliomba radhi mwaka 2010.

Nimelifikiria sana hilo la barafu ya mwezi wa tatu. Uwanja wetu hapa, timu ya wakubwa wanauchukua saa kumi jioni, jua limepoa. Vijana waliokuja juzi juzi wanaambiwa "njooni mchana", yaani saa saba, ardhi inachoma miguu, au wangoje wakubwa wamalize, kiza kinaingia na viboko wanaanza kutoka ziwani kula majani. Hakuna daftari lenye hiyo sheria. Nimetafuta, na mimi ndo katibu. Wala si mwenyekiti aliyeitunga. Imekuwa tu hivyo, na mimi nimecheza saa kumi miaka yote bila kuuliza.

Kwa hiyo kufuta kipengele cha nne peke yake hakutoshi. Mwenyekiti si mtu mbaya. Alipoeleza sababu alisema timu moja ya jirani ilitukatia rufaa msimu uliopita kwa mchezaji asiye na karatasi, tukapoteza pointi, na ni kweli tulipoteza. Hoja yake ni ya ligi, na ligi ina masharti yake. Lakini klabu ina mambo mengi zaidi ya mechi za ligi. Kuna mazoezi, kuna mechi za kirafiki, kuna mipira minne tuliyonayo na nani anaishika siku gani. Mkimbizi ana kadi yake ya ukimbizi na barua ya familia, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kukaa na kufanya kazi. Sioni kwa nini asiruhusiwe kufanya mazoezi saa kumi.

Niliongea na mzee mmoja wa mwalo, mvuvi, anayeheshimiwa kwenye kikao. Nikamweleza habari za Halifax, barafu na yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hayo ya wazungu wa baridi usiyalete kwenye kikao, watakucheka. Wewe waambie umetoka wapi."

Hilo sikuwa nimelipanga. Kusoma kanuni za 1877 mbele ya watu ni rahisi kuliko hilo.

Kikao ni Jumamosi, saa tisa, chini ya mti wa LC1. Kwenye daftari nimeandika upya ukurasa wote kwa usafi. Kipengele cha nne nimeacha namba na nafasi ya mistari mitatu. Chini yake nimeongeza kipya, cha zamu za uwanja, na saa zimeandikwa kwa tarakimu ili mtu asibishe. Ninyi wa Rwamwanja na Kyaka, kama klabu yenu ina katiba na mlishapita kwenye hili la karatasi na wachezaji, nitumieni nakala kupitia wanaoleta jarida hili. Hata ikichelewa Jumamosi, itatusaidia, maana najua hatutamaliza siku moja.