Kizuri Chajiuza? Habari za Picha za Nyimbo Zilizosahauliwa

Jioni moja, katika chuo cha ualimu nifundishako, wanafunzi walionyeshwa picha ya sinema iitwayo Singin' in the Rain, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1952. Ni moja katika zile picha ambazo ndani yake watu huzungumza kama kawaida, kisha mara huimba na kucheza, nami nitaziita picha za nyimbo. Ilipokwisha, mabishano yakaanza, kila mmoja akiisifu picha aipendayo. Kijana mmoja akasimama kuitetea picha ya zamani zaidi, Love Me Tonight, ambayo wenziwe hawakupata kusikia hata jina lake. Mwenzake akamkata kwa methali: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ingalikuwa nzuri, tungaliijua." Darasa zima likacheka, na yule kijana akaketi kimya.

Usiku ule mimi sikusema neno, lakini jambo lile halikunitoka moyoni. Leo nataka kumjibu yule mwenye methali, kwa maana jawabu lake limo katika historia.

Hapo kwanza picha za sinema zilikuwa bubu. Watu walionekana wakifumbua vinywa, na sauti isisikike, ila ya mpiga kinanda aliyeketi mbele ya watazamaji. Tarehe 6 Oktoba 1927, mjini New York, kampuni ya Warner Bros. ikaonyesha The Jazz Singer, na ndani yake Al Jolson akasikika akiimba na kusema maneno machache. Sehemu kubwa ya picha ile ilikuwa bado bubu. Lakini watu walikwisha kuonja, wakataka zaidi. Mwaka 1929 ikatoka The Broadway Melody, nayo ikawa picha ya kwanza yenye sauti kupewa ile tuzo kuu ya sinema ya Marekani. Zikafuata nyingine nyingi, zilizofanywa kwa pupa, hata watazamaji wakakinai, kama mtu aliyelishwa wali wa nazi asubuhi, adhuhuri na jioni.

Soko lilikuwa limekwisha haribika hivyo, ndipo mwaka 1932 ikatoka Love Me Tonight. Aliyeiongoza ni Rouben Mamoulian, mzaliwa wa mji wa Tiflis, na waliotunga nyimbo zake ni Richard Rodgers na Lorenz Hart. Zamani zile waimbaji wengi wa sinema walisimama mahali pamoja, kama watu wanaongoja kupigwa picha ya kutundikwa ukutani. Mamoulian aliutembeza wimbo. Fundi cherehani wa Paris aanza kuimba dukani mwake. Mteja wake auchukua mlangoni. Dereva wa teksi ausikia, na abiria wake, aliye mtunzi wa muziki, aenda nao mpaka garimoshi. Humo askari waudaka wakauimba kwa mwendo wa kijeshi. Mpiga fidla ausikia gizani, aupeleka kambini kwao. Na mwisho wafika ngomeni, katika masikio ya binti wa kifalme ambaye hajapata kumwona yule fundi. Wimbo umewaunganisha kabla hawajakutana. Je, hii si hekima ya msanii?

Lakini angalieni yaliyoipata. Mwaka 1934 sheria za adabu za sinema zilianza kushikwa kwa ukali huko Marekani. Picha hiyo ilipotaka kuonyeshwa tena, ilipitishwa mkasi kwanza, na vipande vilivyokatwa havikupatikana hata leo. Tunayoitazama sasa ni kama mtu aliyepoteza vidole: yu hai, na mzuri wa sura, lakini si mzima.

Mkasi ule ulikuwa na kazi nyingine iliyo mbaya zaidi. Mwaka 1942 mwimbaji Lena Horne, mwanamke Mweusi, alifanya mkataba na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Katika picha nyingi za kampuni hiyo aliwekwa peke yake, aimbe wimbo wake kisha aondoke, wala asizungumze na wachezaji Weupe. Kwa nini? Ili katika majimbo ya kusini, ambako wenye nyumba za sinema walikataa kuonyesha msanii Mweusi katika cheo cha heshima, wimbo wake upate kukatwa bila kuiharibu hadithi. Fikirini, wasikilizaji wangu: mtu aimba kwa moyo wake wote, na mahali pa kumkata pamekwisha kutengenezwa.

Mwaka 1943 zilitoka picha mbili ambazo wachezaji wake wakuu wote walikuwa Weusi, Cabin in the Sky na Stormy Weather, na Lena Horne yumo katika zote mbili. Katika ile ya pili wamo pia Bill Robinson, Cab Calloway, Katherine Dunham, na Fats Waller, aliyefariki mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Karibu na mwisho watokea ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas. Waruka juu ya meza katikati ya wapiga muziki, viatu vyao vikilia kama mvua juu ya bati. Kisha washuka ngazi kubwa, kila mmoja akiruka juu ya kichwa cha mwenzake na kutua kwa msamba, halafu wainuka bila kushika chini kwa mikono. Picha yenyewe haifiki hata saa moja na nusu.

Tena, hata picha zilizo maarufu hazikujiuza zenyewe. The Wizard of Oz ya mwaka 1939 haikurudisha faida ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Ilipata kupendwa na kila nyumba baada ya kuonyeshwa katika televisheni tangu 1956. Na hiyo Singin' in the Rain, ambayo mwenye methali wetu aliipenda sana, haikupata hata moja katika zile tuzo kubwa, ilhali An American in Paris ilikuwa imetwaa tuzo kuu mwaka ule ule wa 1952. Ilipofika 2006 Taasisi ya Sinema ya Marekani iliiweka Singin' in the Rain ya kwanza katika picha zote za nyimbo za nchi ile.

Sisemi ya kwamba kila kilichosahauliwa ni chema. Nyingi katika zile za pupa za 1929 na 1930 zilistahili kusahauliwa. Nasema tu ya kwamba kusahauliwa si hukumu. Methali yetu ni ya kweli sokoni, mahali ambapo bidhaa zote zimetandazwa mkekani na kila mnunuzi aona kwa macho yake. Lakini kizuri kilichofungiwa stoo, au kilichokatwa kwa mkasi kabla ya kufika sokoni, kitajiuzaje?

Juma lililofuata niliwaonyesha wanafunzi wale ngoma ya ngazi ya ndugu Nicholas. Hakuna aliyecheka. Ilipokwisha, yule mwenye methali alinyosha mkono. Nilidhani ataka kubishana. Aliomba irudiwe.